Chumba cha kando ya ngazi

Chumba nilichopangiwa mwaka wa kwanza kiko ghorofa ya pili, mlango wa kwanza ukimaliza kupanda. Msimamizi wa bweni alisoma namba kwenye karatasi yangu, akaisoma tena, kisha akanikabidhi ufunguo huku akiniambia nisiwe na wasiwasi, muhula wa pili watu hubadilishana vyumba. Wenyeji wa miaka ya juu hawakunizungusha. "Hicho? Pole, mdogo wangu. Hapo hakuna kulala."

Mwenzangu wa chumba alikuwa ameshatandika. Nikaweka begi chini, tukakaa.

Sasa niko mwaka wa tatu na bado nakaa kando ya ngazi hizohizo, safari hii kwa hiari yangu. Kila wapya wanapokaribia kuhamia napokea maswali yaleyale kutoka kwa wadogo zangu na marafiki wa wadogo zangu: nibebe nini, nichague kitanda kipi, mwenzangu akiwa mkorofi nifanyeje, marafiki nitawapata wapi. Matatu ya kwanza nitayagusa humu njiani. La mwisho ndilo lililonifanya niandike, kwa sababu jibu langu sikulisikia kwa mtu yeyote kabla sijahamia. Kabla hujajilaumu kwamba una aibu au kwamba watu wa bweni lako wana maringo, tazama mlango wako uko sehemu gani ya jengo.

Nasoma usanifu majengo, kwa hiyo mnisamehe, jengo siwezi kulipita bila kulichunguza. Lakini hili niliwahi kuliona kabla ya kulisoma.

Bweni letu halina lifti. Siku ya kuhamia kila mtu anapanda na sanduku, ndoo, mito, feni, kabati la nguo la kukunja, na wengine na mama zao nyuma wakibeba kilichobaki. Mtu akifika ghorofa ya pili pumzi zimeisha, na sehemu ya kwanza ya kutua mzigo ni mlangoni kwetu. Mlango ulikuwa wazi kwa kuwa na sisi tulikuwa tunaingiza vitu. Basi mtu anatua, anafuta jasho, anainua macho, anakuta watu wawili wanamtazama. Lazima aseme kitu.

"Ya tatu bado mbali?"

"Ngazi moja tu."

"Nyie mnasoma nini?"

Ndiyo hivyo. Hapo hakuna aliyekusudia kutafuta rafiki, ni mzigo tu ulikuwa mzito. Mpaka wiki ya kwanza inaisha nilikuwa nawajua kwa sura karibu watu wote wa ghorofa ya tatu, ghorofa ambayo sikuwa na shughuli nayo yoyote. Wakati huohuo kulikuwa na dada wa kozi yangu aliyepangiwa chumba cha mwisho kabisa cha korido yetu, penye dirisha linalotazama miti, kimya, chumba ambacho kila mtu alikionea wivu. Yeye alikuwa anamjua mwenzake wa chumba na jirani wa ukuta wa pili, basi. Wala si mtu wa aibu. Darasani alikuwa anaongea kunishinda. Ila mwisho wa korido hakuna anayepita akienda kwingine. Anayefika huko amekuja kwako, na wiki ya kwanza nani anayejua kwamba upo?

Mwaka wa pili mhadhiri alitupa utafiti mmoja wa kusoma, nikajikuta nacheka peke yangu maktaba. Baada ya vita kuu ya pili, chuo cha MIT kule Marekani kilikuwa na nyumba za wanafunzi waliooa, wengi wao wanajeshi waliotoka vitani, sehemu iitwayo Westgate. Familia zilipewa nyumba kwa zamu kadiri zilivyopatikana, bila kuchagua jirani. Watafiti watatu, Leon Festinger, Stanley Schachter na Kurt Back, wakazunguka wakiwauliza watu huwa wanatembeleana na nani, na mwaka 1950 wakachapisha walichokikuta. Kwenye majengo ya ghorofa moja juu, milango mitano kila sakafu, watu walioishi mlango kwa mlango walitajana kuwa marafiki kwa asilimia 41. Ukiruka mlango mmoja inashuka hadi 22. Kwa walioishi ncha mbili za sakafu hiyohiyo, asilimia 10. Na kutoka ncha hadi ncha haikufika hata mita 30! Kilichonichekesha zaidi ni wale waliokaa chini penye ngazi: walikuwa na marafiki wengi wa juu kuliko majirani zao waliokaa katikati ya sakafu ileile, kwa sababu tu watu wa juu hawakuwa na njia nyingine ya kupita.

Watu wa Westgate walifanana sana kwa umri, masomo na maisha, na hilo lilisaidia. Umbali mfupi unawaleta watu karibu wakiwa tayari wana la kuzungumza. Kuna mahali walianzia upande huo mwingine: Al-Azhar, Kairo, kwa karne nyingi wanafunzi waliishi kwenye riwaki, yaani makazi ya pamoja, kila kundi na yake kufuata lilikotoka, watu wa Shamu na yao, watu wa Maghreb na yao. Mgeni akifika anakuta lugha yake na watu wanaomjua mjomba wake. Ningekuwa mgeni wa namna hiyo, niliyevuka jangwa, ningeipenda riwaki yangu sana. Kwa sisi tunaofika na simu mkononi na nyumbani wanatupigia kila jioni, nadhani kuchanganywa ovyo kuna faida yake. Tunao tayari wa kutufariji. Tunaokosa ni wale ambao tusingewafikiria.

Turudi kwenye mlango. Kila mtu atakwambia wiki za mwanzo uache mlango wazi. Ushauri mzuri, ila ni wa watu wa kwetu ngazini. Hapa mlango wazi unafanya kazi wenyewe, wewe kunja nguo zako tu. Mwisho wa korido unaweza kuacha mlango wazi hadi muhula uishe na kitakachoingia ni vumbi. Ukiwa huko, wewe ndiye wa kupita milangoni kwa wenzako. Nenda kapige mswaki saa ambayo wengine wanapiga mswaki, hata kama roho inataka bafu tupu. Kafue kwenye foleni. Kasomee kwenye meza ya pamoja badala ya kitandani. Na ukitembea koridoni vua spika za masikioni, maana mtu akishakusalimia mara mbili usiitike, ya tatu hajisumbui.

Yule dada wa mwisho wa korido yeye alikata shauri kwa njia yake: akaanza kuja kukaa kwenye ngazi kila jioni na daftari la kuchorea. Alisema mwanga wa pale ni mzuri. Mwanga wa pale ni mbaya, nimewahi kuchorea pale. Lakini mpaka katikati ya muhula alikuwa anajua habari za bweni kabla yangu.

Sasa nisije nikawadanganya kwamba ngazi ni pepo. Katikati ya muhula huohuo nilianza kuchoka na watu. Nikawa nasimama nyuma ya mlango nikisikiliza koridoni kama kuna mtu, ndipo nifungue. Kwenda bafuni ni hatua chache, lakini hatua hizo zina salamu kumi, na kila salamu ina "mtihani umeonaje". Kuna asubuhi mtu hana jibu.

Hili nalo limeshatafitiwa. Andrew Baum na Stuart Valins walilinganisha mabweni ya aina mbili katika chuo cha Stony Brook, New York, na mwaka 1977 wakatoa matokeo. Aina ya kwanza ilikuwa korido ndefu: wanafunzi 34 kwenye korido moja, bafu la pamoja, sebule ya pamoja. Aina ya pili vyumba vilikusanywa kwa mafungu, wanafunzi wanne au sita wakiwa na sebule na bafu lao. Nafasi kwa kila mtu ilikuwa karibu sawa. Bado watu wa korido ndefu ndio waliojiona wamebanana, ndio waliokwepa wenzao. Wakipelekwa maabara na kuketishwa chumba kimoja na mgeni, walikaa mbali naye zaidi na kumtazama kidogo zaidi. Kinachochosha ni kukutana bila kupanga na watu unaowajua nusunusu, ambao huwezi kuwapita kimya na huna la kusimama nao. Mtu akizidiwa na hao, anafunga mlango hata kwa wale ambao angewataka.

Dawa yake haikuwa ghali. Mwaka 1980 Baum na Glenn Davis walieleza jaribio la kuikata korido ya watu kama 40 kwa kugeuza vyumba vitatu vya katikati kuwa sebule. Yakatokea makundi mawili ya watu kama 20, na malalamiko ya kubanana yakapungua. Wajenzi wa zamani walifika hapo bila maabara. Mob Quad, ua wa Chuo cha Merton kule Oxford, uliokamilika 1378, hauna korido: kila ngazi inafunguka uani na inahudumia vyumba vichache, kwa hiyo watu wako ni wale wa ngazi yako. Naye Alvar Aalto, msanifu Mfini, alipojenga bweni la Baker House pale MIT, likamalizika 1949, alilikunja jengo ili vyumba vingi viuone mto Charles, halafu ngazi akazitoa upande wa pili, ndefu na zenye kuonekana, na wote wanapita hapo. Nimelichora jengo hilo mara nyingi kuliko lilivyohitajika kwa maksi.

Kwetu, katikati ya korido kulikuwa na chumba cha kujisomea kilichogeuzwa stoo ya viti vilivyovunjika miguu. Wachache tukamwomba msimamizi ufunguo. Alitutazama kwa muda, akauliza nani atawajibika, mwenzangu akajibu "mimi" kabla sijafungua mdomo. Tulitoa viti, tukaosha sakafu, tukaingiza meza mbili. Tangu hapo mtu akitaka watu anajua pa kuwafuata, na akifunga mlango wake hakuna anayenuna. Salamu za koridoni zikawa fupi. Hata mimi nikaacha kusikiliza nyuma ya mlango.

Ndiyo maana mpango ule wa Santa Barbara uliniudhi. Chuo Kikuu cha California kilitaka kujenga huko bweni la wanafunzi wapatao 4,500, na vyumba vingi vya kulala havikuwa na dirisha. Wazo lilikuwa la tajiri Charles Munger, aliyekuwa tayari kuchangia fedha nyingi, na hoja yake ilikuwa kwamba chumba kisicho na dirisha kitawasukuma vijana watoke wakakae sebuleni pamoja. Mwaka 2021 msanifu Dennis McFadden alijiuzulu kwenye kamati iliyokuwa inakishauri chuo, na 2023 chuo kikaachana na mpango. Mimi nasema mtu hatolewi nje kwa kunyimwa dirisha. Anatoka kwa sababu anajua akirudi ana pa kupumzika.

Na hapo tumefika chumbani, kwa mwenzako.

Wangu anasoma hisabati. Saa tatu na nusu usiku amelala, saa kumi alfajiri ameamka, ameoga, anapiga hesabu. Mimi saa nne usiku ndio kichwa kinafunguka. Wa mwaka wa kwanza wengi wako upande wangu, na si uvivu. Till Roenneberg na wenzake walikusanya majibu ya watu wapatao 25,000 wa Ujerumani na Uswisi, na mwaka 2004 wakaonyesha kwamba saa ya mwili inazidi kuchelewa tangu balehe mpaka karibu miaka 19 na nusu kwa wanawake na karibu 21 kwa wanaume, kisha inaanza kurudi. Kwa hiyo bweni ni jengo lililojaa watu ambao hawajawahi kuchelewa kulala kiasi hicho na hawatachelewa tena hivyo maishani, halafu ratiba ya vipindi inaanza saa mbili asubuhi. Mwenye kupanga ratiba naye aliwahi kuwa na miaka 19, lakini ameshasahau.

Jioni ya pili tulikaa kila mtu kitandani kwake tukaelezana. Wengine huona aibu kuzungumza mapema hivyo, husubiri mpaka wameudhiana. Subira ya hapo haivuti heri. Mtu ambaye hajakukosea unaweza kumwambia chochote kwa sauti ya kawaida. Akishakukosea, hata "naomba uzime taa" inatoka na meno. Na usiseme "mimi sina shida na kitu". Anayesema hivyo siku ya kwanza shida anayo, hajaifikia tu.

Tulichokubaliana kilikuwa kidogo. Taa kubwa inazimwa saa tatu na nusu. Nabaki na taa ya mezani yenye shingo ya kupinda, balbu ya njano, imeelekezwa ukutani kwangu, kwa kuwa mwanga wa usiku, hasa wenye ubuluu, huuzuia mwili kutoa melatonini, homoni ya usingizi. Alamu yake iko chini ya mto kwa mtetemo, inalia mara moja na anaamka mara moja, si ile ya kuahirisha kila dakika tano mpaka mwenzako anaamka badala yako. Kisu cha kukatia kadibodi na gundi havitumiki chumbani usiku. Mgeni anaombewa ruhusa kabla hajafika, si akiwa ameshaketi. Na kitanda cha mtu hakikaliwi bila ruhusa hata kama viti vyote vimejaa, hili nililiweka mimi na silegezi. Kwenye chumba cha wawili kitanda ndicho chumba chako.

Wiki iliyofuata akanifahamisha kwamba nikichora huwa naimba kwa pua. Hilo halikuwa kwenye makubaliano. Likaongezwa.

Upangaji wa chumba tulifanya kwa karatasi. Nilipima: mita 3.2 kwa 4.1, kama mita za mraba 13 za watu wawili na kila walichonacho. Nikakichora kwa kipimo cha 1:50, nikakata vitanda, meza na kabati kwenye kadibodi, tukawa tunavisogeza mezani huku tukibishana, badala ya kuburura vitanda vya chuma vichwani mwa watu wa ghorofa ya chini. Tepu ya kupimia ndicho kitu ambacho simwoni mtu akikibeba, na ndicho kilichoazimwa kwangu kuliko vyote.

Ukuta unaotutenga na bafu una mabomba ndani. Mtu akifunga bomba ghafla, maji yaliyokuwa yanakimbia yanasimama kwa mkupuo, shinikizo linapiga bomba, na kishindo kinasafiri ndani ya ukuta na kuingia kwenye kitanda chochote kilichougusa. Vizibo vya masikio havisaidii sana hapo, maana mlio unapitia kwenye chuma cha kitanda mpaka kichwani. Tulivuta vitanda, kabati tukalipeleka kwenye ukuta huo, na nusu ya "hutalala" niliyoahidiwa ikaisha hapo. Nusu ya pili ni visigino vya watu kwenye ngazi. Hivyo vinazoeleka.

Ukuta wa nje nao kitanda kisiubane, acha nafasi ya kiganja hewa ipite. Watu wawili wakilala wanapumua maji usiku kucha, na mkianika nguo ndani mnaongeza. Unyevu huo unaenda kutua kwenye ukuta wenye baridi, nyuma ya godoro, na baada ya muda mtaanza kulaumiana kwa harufu ambayo si ya mtu.

Umeme nitausema haraka kwa sababu kila mwaka kuna mtu anauchezea. Birika la wati 2,000 kwenye umeme wa volti 230 linavuta karibu ampea 9. Ekstensheni nyingi ndogo zimeandikwa ampea 10 au 13. Ukiweka birika na pasi kwenye ekstensheni moja umeshapita, na waya uliosokotwa nyuma ya godoro hauna pa kupozea joto lake. Soma kilichoandikwa chini ya ekstensheni yako. Kingine cha kubeba: kandambili za bafuni, kufuli mbili, na vizibo vya masikio kwa ajili ya koroma. Mengine yote yapo kwa jirani.

Jumapili ya kwanza jioni ndiyo ngumu. Wazazi wameondoka, pilikapilika za kujiandikisha zimeisha, vipindi havijashika kasi, na korido nzima watu wako ndani wanaongea na simu kwa sauti ya chini. Kwa kukaa ukuta mmoja na bafu nilijua jambo ambalo wengine hawakulijua: wapo wanaofungua bomba ili wasisikike wakilia. Maji ya kuoga yana mlio wa kukatikakatika, mtu anajigeuza, anajisugua. Yale yalikuwa yanamwagika moja kwa moja, muda mrefu, hayagusi mtu.

Nilienda nikagonga, nikauliza kama ana sabuni. Akasita, akafungua mlango kidogo, macho mekundu, akanipa sabuni. Ni mtu wa ghorofa ya tatu, nilimkumbuka kwa sanduku lake lililokatika mpini mlangoni kwetu. Nikamuuliza mpini amefanikiwa kuurekebisha? Hajaurekebisha. Tukaenda kuurekebisha. Gundi ya modeli za majengo inashika chochote. Sikumuuliza alikuwa na nini, naye hakuniuliza kwa nini nina sabuni yangu nzima pale dirishani.

Mtu akiniandikia wiki ya pili kwamba hana rafiki hata mmoja, humpa hesabu ya Jeffrey Hall wa Chuo Kikuu cha Kansas, aliyoitoa 2018. Alikadiria kwamba kutoka kujuana tu hadi urafiki wa juujuu huchukua kama saa 50 za kuwa pamoja, hadi rafiki hasa kama saa 90, na rafiki wa karibu zaidi ya saa 200. Hata mkikaa pamoja saa tatu kila siku bila kukosa, 200 hizo ni zaidi ya miezi miwili. Na si saa zozote: za kufanya kazi pamoja hazikusogeza watu karibu kama zile za kupiga soga na kukaa bila shughuli. Kwa hiyo wiki ya pili hakuna mwenye rafiki wa karibu, hata wale unaowaona wanacheka kwa makundi. Wanacheka kwa woga. Nilikuwa miongoni mwao. Ukikaa kando ya ngazi saa zako zinakuja vipande vipande, dakika mbili hapa, tano pale, nazo zinajumlika. Ukikaa mbali itabidi uzipange. Tofauti ni hiyo.

Mwisho wa mwaka wa kwanza chumba cha mwisho wa korido kikawa wazi, na mwenzangu akakiomba. Alisema visigino vya ngazini vimemshinda, na saa kumi yake ya alfajiri anataka iwe kimya kweli. Nilimsaidia kubeba. Tukaahidiana kwamba hakuna kitakachobadilika, ni korido hiyohiyo, hata viatu huna haja ya kuvaa.

Kutoka mlango wangu hadi wake ni mita 38. Kabla mwezi haujaisha tulikuwa tunaonana bafuni tu, tena akiwa anatoka nami naingia. Hakuna aliyenuna wala aliyemwacha mwenzake. Mimi ndiye niliyemtumia ujumbe, nikamwandikia namba za Westgate, 41, 22, 10, bila neno lingine. Mtu wa hisabati huyo, akajibu, "Jumatano baada ya vipindi, kila wiki, kwako." Imekuwa hivyo tangu wakati huo. Anakuja na karatasi zake, anakaa kwenye kiti, kitandani bado anaomba ruhusa. Anasema sasa analala vizuri mno, na kwamba majina ya watu wa ghorofa ya tatu yameanza kumtoka, ndipo hunitaka nimpe habari zao kuanzia juu hadi chini kabla hajafungua daftari.